Ada ya VETA ni 60,000, kwa nini basi mzazi atenge zaidi ya milioni?

Swali. Baba mmoja wa Nzega, Tabora, anauliza: "Binti yangu amemaliza kidato cha nne, kapata daraja la nne pointi 28. Anataka kusomea umeme VETA. Jirani mmoja ananiambia ada ni elfu 60 tu kwa mwaka, mwingine anasema yeye ametumia zaidi ya milioni kwa kijana wake na bado kijana yupo nyumbani. Nani mkweli? Na akimaliza atapata kazi, au nitauza ng'ombe bure?"

Jibu. Mzee wangu, majirani zako wote wawili wamesema kweli. Wa kwanza kakutajia ada, wa pili kakutajia gharama. Ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, imekaa miaka mingi kwenye shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanachuo wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Iko chini hivyo kwa sababu wewe si mlipaji mkuu. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hukatwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa mwaka 2023 hadi asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa, na sehemu ya fedha hiyo ndiyo inayoendesha VETA pamoja na ruzuku ya serikali. Chuo cha binafsi hakina mkono huo, na ndiyo maana fani ileile huko hugharimu mara kadhaa zaidi.

Lakini ada ni kipande kidogo. Nitakupigia hesabu ya mwaka mzima kwa binti anayetoka Nzega kwenda kusoma Tabora mjini. Isipokuwa ada, tarakimu hizi ni makadirio ya kupangia. Bei za kwenu na fomu ya kujiunga ya chuo ndizo zenye neno la mwisho.

Akiwa kutwa na kupanga chumba: ada 60,000. Michango ya chuo (kitambulisho, fedha ya tahadhari, mitihani, bima ya afya, serikali ya wanachuo) tenga 150,000. Sare, ovaroli, viatu vya usalama, madaftari na vifaa vya mkononi, 200,000. Chumba cha 30,000 kwa miezi 10 ni 300,000. Chakula na mkaa, hata akijibana kwa 4,000 kwa siku, ni 1,200,000. Jumla 1,910,000, na hapo hajapanda daladala hata mara moja.

Akiwa bweni: ada 120,000, michango 150,000, vifaa na sare 200,000, godoro, shuka, ndoo na sanduku 120,000, matumizi madogo ya 30,000 kwa mwezi jumla 300,000, nauli za likizo 40,000. Kisha kuna mafunzo ya vitendo kazini, yale vijana wanayoita fildi, ambapo kwa wiki kadhaa anaweza kuwa nje ya chuo akijitegemea, weka 200,000. Jumla 1,130,000.

Umeona kinachotokea. Tofauti ya ada ni 60,000 tu, lakini kwenye vyuo vyenye bweni ile 120,000 kwa kawaida hubeba kitanda na chakula. Wazazi wengi huona 60,000 kwenye karatasi wakachagua kutwa ili kuokoa, halafu wakalipa karibu laki nane zaidi mwaka huohuo bila kuandikiwa risiti. Kwa miaka miwili pengo linafika kama milioni 1.7. Kwa hiyo kama hana shangazi au mjomba Tabora mjini, pigania bweni. Nafasi za mabweni ya wasichana ni chache na hujaa mapema. Uliza habari ya bweni siku ileile unayouliza habari ya fani, usisubiri majina yatoke. Fomu ya kujiunga ikija, isome mstari kwa mstari uone chakula kimo au hakimo.

Mwaka wa pili unashuka, maana godoro na ovaroli vipo. Kwa bweni kadiria 800,000 na kitu. Mpaka hapo umetumia karibu milioni mbili kwa miaka miwili.

Sasa tuje kwenye kijana wa jirani yako aliyerudi nyumbani. Wanaokwama huko mara nyingi huwa wamekwama kwenye moja ya mambo haya: ngazi waliyoishia, mahali walipofanyia fildi, na walichokuwa nacho mkononi siku ya kumaliza.

Ngazi kwanza. Mafunzo ya ufundi stadi yana tuzo za ngazi tatu, NVA I, II na III, na kwa kawaida kila ngazi ni mwaka mmoja. Ukisoma matangazo ya kazi utakuta bado wanaandika "cheti cha majaribio ya ufundi daraja la III, II au I". Huo ni mfumo wa zamani ambao tarakimu zake zinakwenda kinyume. NVA I inalingana na daraja la III, NVA III inalingana na daraja la I. Wapo vijana wanaoona wana "ngazi ya kwanza" wakajaza kwamba wana daraja la kwanza, na maombi yakatupwa.

Aliyeishia NVA I machoni pa mwajiri ni msaidizi. Anajua kupiga bomba la waya ukutani, kuvuta waya, kufunga swichi. Kazi hizo hata kijana aliyejifunzia mtaani anazifanya, tena kwa bei ya chini. Tofauti inaanza kuonekana ngazi ya II: kusoma mchoro, kugawa saketi, kuchagua waya kwa mzigo badala ya mazoea, mota na vidhibiti vyake, na kupima. Hilo la kupima ndilo ningependa binti alishike kwa meno. Nyumba ikimalizika, waya hupimwa kwa mega, yaani kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja kwenye ganda la waya, kwa volti 500, na ukinzani wa ganda hilo usishuke chini ya megaohm 1. Mafundi wengi wa mtaani hawana mega na hawajui kuisoma; wanawasha, taa ikiwaka wanachukua hela. Anayeweza kupima na kuandika majibu kwenye karatasi ndiye anayeitwa kwenye zahanati, shule na ghala. Kwa hiyo ukipanga fedha, panga za miaka miwili tangu mwanzo. Fedha ya mwaka mmoja tu ni kununua usaidizi.

NVA III ina faida nyingine: ni mlango wa kuingia mafunzo ya fundi sanifu, yaani kuanzia ngazi ya NTA 4 ya vyuo vya ufundi hadi stashahada, ambayo ni NTA 6. Hapo niseme jambo ambalo huenda hujaambiwa. Pointi 28 zinaweza kuficha cheti kizuri. Angalia masomo yenyewe. Kama ana D nne au zaidi nje ya masomo ya dini, na zimo Fizikia na Hisabati, anaweza kuomba moja kwa moja vyuo vya ufundi kama DIT Dar es Salaam, ATC Arusha au MUST Mbeya, asome miaka mitatu hadi stashahada. Ada ni kubwa zaidi kwa mbali, ila kazi nyingi za "fundi sanifu" serikalini na kwenye mashirika zinadai stashahada hiyo, na uzoefu hauzibi pengo lake. Kama Fizikia ana F, njia ya VETA ndiyo iliyo wazi, na inamfikisha hukohuko kwa mzunguko mrefu.

Mikopo usiihesabu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inakopesha shahada na, tangu mwaka wa masomo 2023/24, baadhi ya stashahada. Usipange ngazi za NVA kwa kutegemea fedha hiyo. Kinachofaa kufuatiliwa ni mafunzo ya uanagenzi yanayofadhiliwa na serikali chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambapo kijana hasomi kwa ada ya mzazi. Matangazo yake hutoka kwa muda mfupi, kwa hiyo awe anapita VETA na kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri mara kwa mara.

Fildi. Hapa ndipo kazi ya kwanza hupatikana au kupotea, na wanachuo wengi huichukulia kama likizo. Chuo humwandikia barua, lakini nafasi mara nyingi hujitafutia mwenyewe, na kosa la kawaida ni kuchagua mahali palipo karibu na nyumbani ili kuokoa nauli. Ile 200,000 niliyoweka ndiyo fedha yenye faida kubwa kuliko zote kwenye hesabu yako. Aombe kwa mkandarasi wa umeme mwenye leseni, kiwanda cha pamba au mafuta, hoteli kubwa, au mgodi. Kutoka Nzega, Kahama na Shinyanga si mbali, na migodi inatumia mafundi umeme wa kila aina. Barua zipelekwe miezi mitatu kabla, kwa mkono, na afuatilie. Akiwa huko ajaze kitabu cha kumbukumbu kila siku, msimamizi asaini kila wiki. Kitabu kilichojazwa usiku mmoja kwa kalamu moja kinajulikana, na maksi zake zinajulikana pia. Siku ya kuondoka aombe barua ya utambulisho yenye kazi alizofanya kwa majina: amefunga mota ya nguvu gani, bodi ya njia ngapi. Barua ya "alikuwa na nidhamu nzuri" haimsaidii mtu.

Leseni. Kufanya kazi za ufungaji umeme kwa jina lako kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni zimepangwa kwa madaraja kulingana na elimu, uzoefu na ukubwa wa kazi unayoruhusiwa kugusa. Anayemaliza chuo leo huanzia chini. Kwa nini hili ni la hela? Kwa sababu mteja anapoomba kuunganishiwa umeme na TANESCO, wayaringi ya nyumba lazima ithibitishwe na fundi mwenye leseni. Asiye nayo hufanya kazi yote siku nne, kisha humlipa mwenye leseni amsainie. Sehemu ya jasho lake inaondoka kila nyumba. Mbaya zaidi, aliyesaini bila kufika ndiye anayeonekana amefanya kazi, na binti hajengi jina. Avumilie mwaka mmoja au miwili chini ya mkandarasi mwenye leseni, akusanye ushahidi wa uzoefu, kisha aombe yake kupitia mfumo wa maombi wa EWURA mtandaoni.

Soko lenyewe lipo, hasa huko kwenu. Gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini ni 27,000, na miradi ya REA, wakala wa nishati vijijini, imepeleka nguzo mbali. Lakini hiyo 27,000 inakuletea mita. Wayaringi ni juu ya mwenye nyumba. Kwenye nyumba ya chumba kimoja au viwili wengi huchukua kile kifaa cha UMETA, ambacho hakihitaji wayaringi ya nyumba nzima, kwa hiyo asitegemee vibanda. Kazi ipo kwenye nyumba za vyumba vitatu kwenda juu, fremu za biashara, mashine za kusaga na kukoboa, visima vya pampu.

Malipo ya kazi za nyumba huhesabiwa kwa pointi: kila taa, swichi na soketi ni pointi. Tuseme nyumba ina pointi 30 na wamekubaliana 6,000 kwa pointi: ufundi ni 180,000. Akimlipa msaidizi 12,000 kwa siku, siku nne, anabaki na 132,000. Inavutia kusikia, ila nyumba za kwetu hujengwa kwa awamu. Bomba hupigwa kabla ya plasta, waya huvutwa baada ya plasta, swichi na taa hufungwa baada ya rangi, na kati ya plasta na rangi mwenye nyumba anaweza kuishiwa mwaka mzima. Fundi mgeni hukubali kulipwa "tukimaliza", akafanya theluthi mbili ya kazi na kusubiri mahindi ya mtu yauzwe. Mfundishe binti mapema: asilimia 40 bomba likiisha, 40 waya ukiisha, 20 siku ya kupima na kuwasha. Iandikwe kwenye karatasi hata kama mteja ni baba mdogo. Hasa kama ni baba mdogo.

Na asikubali kubanwa kwenye vifaa. Mteja atamwambia anunue waya wa milimita 1.5 nyumba nzima kwa kuwa ni rahisi. Huo ni wa taa; soketi zinataka 2.5, na jiko la umeme linataka mnene zaidi na saketi yake peke yake. Pasi na birika vikichomekwa pamoja kwenye 1.5 waya unapata moto ndani ya ukuta, na kitakachotajwa mtaani siku hiyo ni jina la fundi.

Ajira ya mshahara ipo ya aina nyingi na malipo yanapishana sana. Amri ya kima cha chini cha mshahara inatofautisha sekta: madini na ujenzi wa makandarasi wakubwa viko juu, biashara na viwanda vidogo viko chini. Kwa hiyo usiulize "fundi umeme analipwa ngapi". Uliza yuko sekta gani. Kiwanda kidogo chaweza kulipa kidogo kuliko anachopata kwa nyumba mbili kwa mwezi, lakini kinampa mota, paneli na uzoefu wa leseni. Akae humo mwaka, asikae miaka kumi. Migodini ushindani ni mkali na wanatazama ngazi ya III pamoja na vyeti vya usalama kazini. VETA Moshi ilikuwa na mafunzo maalumu ya ufundi wa migodini yaliyoanza mwaka 2009 kwa ushirikiano na makampuni ya madini, na hadi leo waajiri wa sekta hiyo hupima watu kwa kiwango cha namna hiyo.

Hapo ndipo tunafika kwenye gharama isiyoandikwa popote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyomrudisha kijana wa jirani yako nyumbani: miezi ya kwanza baada ya chuo. Mzazi hutumia kila alichonacho mpaka siku ya mahafali, kisha fundi mpya anakabidhiwa cheti bila plaizi. Anaazima vifaa, na mwenye vifaa ndiye anayepewa kazi. Tenga 400,000 hadi 500,000 za vifaa: plaizi na bisibisi zenye mipini ya kuhami, testa, maltimita, tepu, nyundo na patasi, msumeno wa chuma, springi ya kukunjia bomba, waya wa kuvutia, drili ya nyundo, na ngazi ambayo seremala wa hapo anaweza kuitengeneza kwa mbao. Maltimita asinunue ile ya bei ya chini kabisa. Ikidanganya kwamba waya hauna umeme, hakuna wa kumlaumu. Mega achange na wenzake wawili, wanunue moja ya pamoja. Juu ya vifaa ongeza chakula na nauli ya miezi mitatu. Kama ng'ombe wako wanatosha miaka miwili ya chuo tu bila kipande hiki, ni heri asubiri msimu mmoja aanze akiwa na fedha kamili.

Binti na wenzake wakiunda kikundi, wana njia mbili za fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Na sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake na vijana, kupitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Matengenezo ya umeme kwenye shule na zahanati ni kazi za kiwango chao. Kikwazo cha kawaida ni kikundi kuundwa wiki ile ya mkopo. Maofisa huangalia akaunti na kazi mlizokwisha kufanya.

Kuhusu fani nyingine, kwa kifupi. Uchomeleaji una kazi kila kona lakini mashine na umeme wa kuiendesha ni mtaji mkubwa kuliko wa wayaringi. Majokofu na viyoyozi hulipa vizuri Dar es Salaam na pwani, Nzega bado. Umeme wa magari hauna wasomi wengi na barabara yenu ina malori usiku na mchana. Kama binti hana msimamo kati ya nyumba na magari, ningemwambia aufikirie sana huo.

Kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, na maombi hupokelewa miezi ya katikati kuelekea mwisho wa mwaka unaotangulia, pamoja na mtihani wa kuchagua. Ana miezi ya kusubiri. Mpeleke kwa fundi mwenye leseni hapo Nzega awe msaidizi bila kudai malipo zaidi ya chakula cha mchana. Ikipita miezi mitatu na akirudi jioni bado anaongelea saketi, uza ng'ombe. Kabla ya hapo hakikisha chuo chochote cha binafsi mnachotajiwa kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na jina la binti liwe na herufi zilezile kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA. Herufi moja ikipishana, kurekebisha sasa ni safari moja ya ofisini na kiapo. Kurekebisha baada ya cheti cha NVA kuchapwa kunaweza kula miezi, na leseni ya EWURA itasubiri hadi hapo.